Wauguzi wa Butembo na Beni katika Kazi Isiyotulia

Tangu Ebola ilipotangazwa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tarehe 1 Agosti 2018 hadi ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ikiwa imeua watu 2,287, wauguzi wa Beni na Butembo walifanya kazi ambayo kanuni zake zilibadilika wangali kazini. Chanjo ya pete, yaani kuwachanja waliogusana na mgonjwa pamoja na wale waliogusana nao, ilipanuliwa kuanzia Mei 2019 ili ifikie pete ya tatu. Mwezi Julai uongozi wa mapambano, ambayo wenyeji waliyaita riposti, ulitoka Wizara ya Afya ukakabidhiwa mtaalamu wa virusi, Profesa Jean-Jacques Muyembe. Na mwezi Agosti, kati ya dawa nne zilizokuwa zikijaribiwa vituoni, mbili ziliachwa kwa kuwa mAb114 na REGN-EB3 zilionekana kuokoa wagonjwa wengi zaidi.

Badiliko hilo la mwisho lilikuwa na sababu ambayo muuguzi aliweza kuipima mwenyewe kando ya kitanda cha mgonjwa, na sababu inayoonekana ndiyo msaada wa kwanza ambao mfanyakazi anastahili kupewa anapotakiwa kuacha utaratibu aliouzoea. Amri isiyoelezwa, iwe imetoka Kinshasa au kwa wataalamu walioshuka kwa ndege Rughenda, humfanya mtu ajione chombo tu, hasa pale wakazi wanapomuuliza mtaani naye hana jibu.

Hata hivyo, maelezo peke yake hayatoshi. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo viliposhambuliwa mwishoni mwa Februari 2019, na daktari Richard Mouzoko kutoka Kameruni alipouawa tarehe 19 Aprili katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben, madaktari na wauguzi wa Butembo waliandamana kudai ulinzi, na walikuwa na haki kamili, kwa maana hakuna semina inayoweza kumtuliza mtu asiyejua kama atafika nyumbani jioni.

Ebola ilirudi Butembo Februari 2021, ishara kwamba wauguzi hao wanaweza kutakiwa tena kubadili utaratibu wakiwa kazini. Kwa hiyo wakuu wa maeneo ya afya wawaite wauguzi kwenye kikao kabla ya utaratibu mpya kuamuliwa, wawaeleze kwa Kiswahili na Kinande, wawape muda wa kuujifunza, na posho wanazolipwa wakati wa riposti zinapokaribia kusimamishwa wawaambie mapema, kwa kuwa hao ndio wanaobaki wodini wageni wakishaondoka.