Kabla ya kuahidi mifuko ya saruji, mtafute mtoto wako kwenye ramani

Ramani ya jengo jipya ikishabandikwa kwenye ubao wa matangazo nje ya kanisa, kila anayepita husimama. Kuna jengo la ghorofa lenye vioo, limeandikwa Kituo cha Huduma kwa Jamii. Nyuma yake kuna eneo la kijani, mabenchi, msalaba mkubwa na maneno Uwanja wa Sala. Mchoraji hakusahau hata magari na akina mama wenye miavuli. Jumapili hiyohiyo fomu za ahadi hugawiwa, na kabla ya wimbo wa mwisho kuna mtu tayari ameandika mifuko 50 ya saruji.

Parokia na sharika nyingi nchini zimepitia hatua hiyo, na nyingine ziko katikati yake sasa. Waumini wameongezeka na kanisa limejaa. Vijana hawana pa kukutania, na majirani wanahitaji zahanati au darasa la cherehani. Hoja ya kujenga huwa na nguvu, na mara nyingi ni ya kweli.

Kwa mzazi aliyekaa benchi moja na watoto watatu, ramani hiyo ina mambo mawili ya kutazamwa kwa makini. Kwanza, fedha zitatoka wapi ndani ya nyumba yake. Pili, watoto wake wamewekwa chumba gani. La kwanza huzungumzwa kwa kunong'ona njiani kurudi nyumbani. La pili mara nyingi halizungumzwi kabisa, mpaka siku jengo linapozinduliwa na watoto wa Shule ya Jumapili wanaendelea kukaa chini ya mti uleule.

Ahadi ni ya nyumba nzima

Kosa linaloumiza familia nyingi hufanyika ndani ya dakika moja. Kamati ya ujenzi imesimama mbele, kwaya inaimba, mtangazaji anataja majina ya walioahidi, na baba anainua mkono. Mama anasikia kiasi hicho kwa mara ya kwanza pamoja na waumini wengine wote. Wakati mwingine ni mama anayeahidi kwenye kikundi cha wanawake, na baba anakuja kujua siku mjumbe anapopita kukumbusha.

Hapo ugomvi huwa si wa saruji tena. Unakuwa wa nani anaamua nini ndani ya nyumba, na watoto wanausikia wote kupitia ukutani.

Fomu ya ahadi inaweza kurudi nyumbani, na hakuna dhambi katika hilo. Ikae mezani wiki nzima, wazazi waihesabu pamoja na matumizi mengine. Ahadi ya Sh300,000 ikilipwa kwa miezi 12 ni Sh25,000 kila mwezi. Ikisogezwa hadi miezi 24 inashuka hadi Sh12,500. Kamati nyingi zikiombwa hukubali muda mrefu zaidi, kwa kuwa ahadi ndogo inayolipwa inamfaa fundi kuliko ahadi kubwa iliyobaki kwenye daftari.

Kalenda nayo itazamwe. Januari ni mwezi wa shule. Serikali iliondoa ada katika shule za umma, kuanzia elimu ya msingi hadi kidato cha nne, mwaka 2016, lakini sare, viatu, madaftari na nauli vilibaki kwa mzazi. Wenye watoto shule binafsi wanaijua Januari kwa jina lake jingine. Mzazi anayepanga kulipa ahadi ya ujenzi mwezi huo anajitafutia deni.

Kuna pia mnada wa mavuno. Jogoo mmoja hununuliwa, hurudishwa mezani, hunadiwa tena, na bei hupanda kwa vicheko na vigelegele. Ni furaha ya kweli na imejenga makanisa mengi. Ila mtoto aliyemwona baba akimnunua jogoo kwa Sh50,000 Jumapili, kisha Jumatatu akaambiwa hakuna hela ya daftari la hesabu, anaweka kumbukumbu. Watoto wana hesabu kali kuliko wazazi wanavyodhani. Afadhali aelezwe mapema kwamba fedha ile ilitengwa tangu mwezi uliopita, na ya daftari ipo, au kwamba mwaka huu nyumba yao itashangilia tu wengine wakinunua.

Familia isiyo na fedha haijakosa cha kutoa. Zege likishamwagwa linahitaji kumwagiliwa maji kwa siku saba au zaidi ili liive vizuri, na kazi hiyo hufanywa vizuri na jumuiya zikipangiana zamu. Fundi umeme, mpaka rangi na mama anayejua kupikia watu wengi wote wana siku moja ya kutoa. Kamati inayoandika siku hizo kwenye daftari lilelile la fedha huwa na watu wengi zaidi hadi mwisho wa kazi.

Mwenye kutoa naye ana haki ya kuuliza. Michango iingie kwenye akaunti ya kanisa yenye watia saini zaidi ya mmoja, isiende kwenye namba ya simu ya mtu binafsi hata awe mwaminifu kiasi gani. Risiti itolewe, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe au ibandikwe palepale ilipobandikwa ramani.

Bagamoyo walianza na watoto

Waliowahi kutembelea misheni ya Bagamoyo wanakumbuka njia ya miembe mirefu inayoelekea kanisani. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika hapo mwaka 1868 wakitokea Zanzibar. Miongoni mwa watu wa kwanza waliowapokea walikuwa watoto waliokombolewa kutoka utumwani, na kwa ajili yao palihitajika mahali pa kulala, shamba la chakula, shule na karakana za kujifunzia kazi za mikono.

Ibada zilikuwapo tangu mwanzo, kanisa la kwanza lilikuwapo pia, na ni kwenye mnara wake mwili wa David Livingstone ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Lakini kanisa kubwa linaloonekana leo lilianza kujengwa mwaka 1910. Kati ya kufika kwao na ujenzi huo ilipita miaka zaidi ya 40, na huduma haikungoja.

Misheni ile ilikuwa na mambo yake ambayo wanahistoria wanayajadili hadi leo, na si kila kitu cha kuigwa. Ila mpangilio wake wa kazi una faida kwa kamati yoyote inayokaa na mchora ramani. Huduma inayokusudiwa kuhamia kwenye jengo jipya, je, ipo sasa? Kama ni darasa la jioni kwa watoto wanaojiandaa na mtihani wa darasa la saba, linaweza kuanza wiki ijayo kwenye mabenchi ya kanisa. Kama ni ushauri kwa wanandoa, viti viwili vinatosha. Huduma iliyoanza kwa viti viwili ikijaa, kila mtu anajua jengo linahitaji vyumba vingapi.

Pasipo huduma inayoendelea, jengo la huduma hugeuka ukumbi wa harusi. Ukumbi una faida yake kwa kuwa unaingiza kodi, na kodi inalipa umeme na mlinzi. Lakini Jumamosi, siku ambayo watoto na vijana wako huru kukutana, ndiyo siku hiyohiyo ukumbi umekodiwa. Mambo haya yaamuliwe kwa maandishi kabla ya msingi kuchimbwa, maana baada ya hapo mwenye fedha ya kukodi ndiye anayeshinda.

Wapo wanaopanga kituo cha kulelea watoto mchana, na kwa mitaa yenye akina mama wengi wanaokwenda sokoni alfajiri hilo ni jambo la maana sana. Vituo hivyo vinaongozwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na vinapaswa kusajiliwa. Ofisa ustawi wa jamii aitwe atazame ramani ikiwa bado karatasi, kwa kuwa kufuta mstari kwa penseli ni rahisi kuliko kuvunja ukuta. Ataangalia vyoo, uzio, mahali pa kuchezea na hewa. Chumba cha watoto kiwe na dirisha ambalo mtu anayepita anaweza kuona ndani, na kila darasa liwe na watu wazima wawili. Kanuni hiyo inamlinda mtoto, na inamlinda pia mwalimu mwema dhidi ya maneno.

Uwanja wa sala si kipande kilichobaki

Kwenye ramani nyingi uwanja wa sala ndio eneo lililobaki baada ya jengo na maegesho kukatiwa nafasi. Fedha zikipungua, ndio wa kwanza kufutwa. Inasikitisha, kwa sababu kwa familia yenye watoto wadogo huenda ndiyo sehemu yenye manufaa kuliko zote. Mtoto wa miaka minne hawezi kukaa ibada ya saa mbili bila kujinyonganyonga. Nje, chini ya kivuli, anaweza kutembea kutoka kituo kimoja cha Njia ya Msalaba hadi kingine, vyote 14, akiuliza maswali kwenye kila picha.

Afrika Mashariki inalijua hili kwa miguu yake. Kila Juni 3 umati hukusanyika Namugongo, Uganda, wengine wakiwa wametembea siku nyingi, baadhi wakitoka Tanzania na Kenya. Basilika ya pale, yenye umbo la nyumba ya msonge na nguzo 22 kwa ajili ya mashahidi 22 Wakatoliki, haiwezi kuutosha umati huo. Misa huadhimishwa nje, kando ya ziwa dogo, na watu hukaa kwenye nyasi. Mmoja wa mashahidi hao, Kizito, alikuwa na miaka 14 hivi alipouawa mwaka 1886, na wazazi wengi hupenda kuwasimulia watoto wao habari zake.

Usharika hauhitaji ziwa. Unahitaji kivuli, maji ya kunywa, vyoo na mahali pa kukaa wazee. Kivuli ndicho kinachochukua muda mrefu, kwa hiyo miti ipandwe kwanza, upande ambao malori ya kokoto hayatapita. Mwarobaini hukua haraka hata penye ukame. Mwembe huchelewa, ila wajukuu wataufaidi. Watoto wa Shule ya Jumapili wakipewa mche mmoja kwa kila darasa, wana kazi ya mwaka mzima.

Kuhusu vyoo, kamati huwa na aibu ya kuvitaja mbele ya madhabahu. Uwanja wa watu 500 wenye matundu mawili ya choo ni uwanja ambao akina mama wenye watoto hawatarudi. Vyoo vya watoto viwe na milango inayofungwa kwa ndani na mtoto mwenyewe, na visijengwe kwenye kona ya mwisho ya kiwanja pasipo na taa.

Majirani nao wanalala. Uwanja wa wazi una spika, spika ina mkesha, na nyumba ya pili kuna mtoto wa kidato cha nne mwenye mtihani asubuhi. Inawezekana ni wa dini nyingine, inawezekana ni wa kanisa hilohilo. Tanzania ina kanuni za udhibiti wa kelele na mitetemo tangu mwaka 2015, lakini mchungaji anayemtembelea jirani kabla ya mkesha wa kwanza kwa kawaida hatazihitaji. Jengo likiitwa la huduma kwa jamii, jirani huyo ni sehemu ya jamii. Bugando jijini Mwanza na KCMC mjini Moshi ni hospitali zenye mizizi ya kanisa, na hakuna anayeulizwa dini yake kabla ya kutibiwa.

Mashimo hayana Jumapili

Ujenzi wa kanisa huenda kwa awamu, fedha zikipatikana. Maana yake eneo la ujenzi linaweza kukaa wazi miaka mitatu, watoto wakicheza juu yake kila Jumapili wakati wazazi wanasalimiana. Shimo la choo, la msingi au la kuhifadhia maji likipata mvua linakuwa hatari kwa mtoto mdogo, na kina kifupi tu kinatosha kumzamisha. Mbao zenye misumari na nondo zilizochomoza ni hatari nyingine.

Mabati ya kuzungushia eneo yawe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, na mashimo yafunikwe kila fundi anapoondoka. Kamati ikisema hakuna fedha ya mabati, basi hakuna fedha ya kuchimba bado. Siku za ibada mtu mmoja apewe kazi ya kusimama upande ule, kwa zamu, kama wanavyopangwa wapokea sadaka.

Maswali haya ni magumu kuyauliza kwenye mkutano mkuu, mbele ya watu 400 na kiongozi aliyekwisha kusema Mungu ameshatupa jengo. Ni rahisi zaidi kuyaanzisha kwenye jumuiya, siku ya kawaida, nyumba kwa nyumba, ambako watu 15 wanaojuana wanaweza kukubaliana juu ya mambo mawili au matatu na kumtuma mjumbe wao. Ramani ipigwe picha kwa simu na ipelekwe huko. Watoto wapewe nao waitazame. Swali lao la kwanza huwa ni wapi watachezea mpira.