«Ni» na «ana»: watoto wa Midwich wakifika Yangambi

Wolf Rilla aliongoza Village of the Damned mwaka 1960, kutokana na riwaya ya John Wyndham ya mwaka 1957. Kijiji cha Midwich, Uingereza, kinalala ghafla. Miezi baadaye wanazaliwa watoto wanaosoma mawazo ya wakubwa na kuwalazimisha kujidhuru. Mwishoni mwalimu wao, Zellaby, anaingia darasani na bomu na kufa pamoja nao.

Nilipokuwa nawafasiria majirani filamu hiyo hapa Yangambi, kijana mmoja alinitangulia: «Bale batoto ni balozi!» Tangu hapo sikuhitajika sana. Bomu lilipolipuka, baadhi walipiga makofi.

Tuitazame sentensi ile. «Mlozi», au «mulozi» kama tusemavyo huku, ni jina la mtenda kutoka kitenzi «-loga». Kiishio «-i» kimegeuza g kuwa z. «Ndoki», linalosikika katika Kilingala na Kikongo, limejengwa vilevile juu ya «-loka», na l imekuwa d baada ya nazali. Ni mzizi mmoja wa Kibantu, *-dog-. Yote mawili ni majina ya watu, na yanakuja na «ni»: uovu ndio mtu mwenyewe. «Nguvu» huja na «ana». Mtoto anaweza kuipata, kuipoteza, na akabaki mtoto. (Najua «ana ulozi» pia husemwa, lakini sikiliza ugomvi wa uani, utaona «ni» inavyofika haraka.)

Kwetu «ni» hiyo inagusa sheria. Kifungu cha 160 cha Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, ya ulinzi wa mtoto, kinakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi. Wafasiri wa filamu hakiwagusi, lakini lugha ya uani na ya sinema ni moja.

Hata majina ya filamu huchagua upande. Rebelle ya Kim Nguyen (2012), iliyopigwa Kinshasa na kumpatia Rachel Mwanza tuzo ya mwigizaji bora Berlin, inahusu msichana mwanajeshi anayeona wafu. Kwa Kifaransa jina linamwita mwasi. Kwa Kiingereza, War Witch, mchawi.

Siku hizi nafasiri «batoto benye kusoma mawazo». Kwa Kilingala, «bana oyo batangaka makanisi». Ni maneno manne badala ya moja, lakini Zellaby anapobeba bomu lake, watazamaji wanasikia kwamba darasani kuna batoto.