Herufi Zilizo Chini ya Ukurasa

Fundi wa kujalidi vitabu hutazama mguu wa ukurasa kabla ya hadithi. Nilijifunza hivyo Tanga, kwenye kiwanda cha uchapaji, nikiwa binti wa kushona makunjo. Hadi leo hapa Manundu, Korogwe, nikiletewa riwaya iliyoachia, naifungua nikague chini kwanza, jina la mwandishi baadaye.

Wateja wangu wengi ni wasomaji wa riwaya za upelelezi. Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa bado wana watu wao Korogwe na Handeni. Nakala za miaka ya 1980 huazimwa nyumba hadi nyumba mpaka gundi inakauka na kurasa zinadondoka. Msomaji aliyekulia kwa Gamba hapiti alama asiyoielewa bila kuishuku. Nampenda kwa hilo, na ningependa shuku yake iwe na njia ya kujipima.

Muuguzi mmoja kijana alikuja kutoka Handeni na riwaya ya zamani isiyo na jalada, iliyochapwa Uingereza.

"Shikamoo mama. Kitabu hiki kina siri."

"Marahaba mwanangu. Siri gani?"

Alifungua daftari. Alikuwa ameorodhesha herufi ndogo alizozikuta pekee chini ya baadhi ya kurasa: B ukurasa wa 1, C wa 17, D wa 33, E wa 49, na kuendelea hadi I ukurasa wa 113. Baada ya hapo, ukurasa wa 129, ikaja K. "Sasa J imekwenda wapi? Na A je?"

Nilichukua karatasi nikamkunjia palepale. Kitabu hakichapwi ukurasa mmoja mmoja. Karatasi kubwa huchapwa kurasa nane upande huu na nane upande wa pili, kisha hukunjwa mara tatu, likapatikana kunjo la kurasa 16. Makunjo yakirundikwa mezani yote yanafanana, na ukishona la tatu mbele ya la pili umeharibu kitabu kizima. Kwa hiyo mchapaji huweka herufi kwenye ukurasa wa kwanza wa kila kunjo. A huachiwa kurasa za utangulizi, na hadithi huanza na B. Ama J, wachapaji wa Ulaya walirithi alfabeti ya Kilatini yenye herufi 23, ambayo haikuzitenga I na J wala U na V, na haikuwa na W. Ndiyo maana mfuatano wao unaruka.

Sikutaka aondoke amevunjika moyo, kwa sababu macho yake yaliona sawasawa. Alama ilikuwepo, ilikuwa na utaratibu, na kuna mtu aliyeiweka kwa makusudi. Ulikuwa ujumbe hasa, ila mwandikiwa nilikuwa mimi, mshonaji, wala si yeye, msomaji.

Alama nyingine hazina makusudi kabisa. Enzi za herufi za risasi, herufi zilizotumika zilirudishwa kwenye visanduku vyake kwa mkono. Moja ikitumbukia kisanduku cha jamii nyingine, kesho inatokea katikati ya neno ikiwa nyembamba au nene kuliko wenzake. Herufi iliyomeguka nayo hurudiarudia kasoro ileile kitabu kizima. Watu wenye akili sana wamepotea hapo. Mwaka 1623 Francis Bacon wa Uingereza alieleza kwa kirefu namna ya kuficha maneno kwa kuchanganya aina mbili za herufi, na mwaka huohuo tamthilia za Shakespeare zilichapwa pamoja London, zikiwa na herufi za kuchanganyika. Mwalimu Mmarekani, Elizabeth Wells Gallup, aliamini amesoma humo ungamo la Bacon kwamba tamthilia zile ni zake. Mwaka 1957 William na Elizebeth Friedman, mume na mke waliobobea kufumbua maandishi ya siri kwa ajili ya serikali ya Marekani, walitoa kitabu kuonyesha kwamba madai ya aina hiyo hayasimami. Hoja yao naishika kama kipimo changu: fumbo la kweli, watu wawili wasioonana wakifuata kanuni moja, watatoka na maneno yaleyale. Usomaji wa Gallup haukurudiwa hivyo na mtu mwingine.

Kipimo hichohicho kinalipitisha fumbo la kweli. Aprili 2006, Jaji Peter Smith wa Mahakama Kuu ya London alitoa hukumu ya kesi ya waandishi waliodai riwaya ya Dan Brown, The Da Vinci Code, imechota kazi yao. Ndani ya hukumu, herufi chache zililazwa hapa na pale. Wakili Dan Tench mwanzoni alidhani ni makosa ya chapa. Zilipounganishwa kwa mpangilio, za mwanzo ziliandika "Smithy code", na zilizobaki, kwa kanuni ya hesabu iliyotajwa katika riwaya yenyewe, zilimtaja amirali Jackie Fisher na meli Dreadnought. Jaji alikiri. Hakuna aliyelazimika kubadili kanuni njiani ili maneno yapatikane, na hapo ndipo wengi wetu huteleza: herufi ya tatu ikigoma tunachukua ya nne.

Pwani yetu ilijua kanuni kama hizi mapema. Shairi la Dura Mandhuma, la karne ya 19 kutoka Siyu, kisiwani Pate, hufuata alfabeti ya Kiarabu katika mianzo yake. Huko herufi hazikufichwa. Zilipangwa mbele ya kila ajuaye kusoma.

Muuguzi wangu alirudi tena na riwaya nyingine, ya hapahapa nchini, yenye vidoti vya penseli chini ya herufi. Safari hii sikumjibu. Nilimwambia anakili kwake Handeni, nami nikanakili nakala za picha alizoniachia, kila mtu peke yake, bila kuruka kidoti. Tulipolinganisha, wote tulikuwa na maneno matatu: nipokee Segera Ijumaa. Waingereza wa zamani walifanya hivyo kwenye magazeti, kwa kuwa gazeti lilisafirishwa na posta kwa bei nafuu kuliko barua. Aliyeweka vidoti hivi vya penseli alikuwa msomaji, wala si mwandishi wa kitabu.

Ukitaka kujaribu mwenyewe alama yenye kanuni, na kitabu chako ni cha karibuni, geuza jalada la nyuma. Utaona tarakimu 13, mara nyingi zikianza na 978. Zikifuatiwa na 9976 au 9987, mchapishaji ni wa Tanzania. Hesabu ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea hivyo kama zilivyo; ya pili, ya nne, ya sita na kuendelea hivyo hadi ya 12 zidishe kwa tatu. Jumlisha zote. Jibu lisipogawanyika kwa kumi, tarakimu mojawapo imekosewa.