Joto la jenereta liache nje



Juni na Julai usiku wa Dodoma huwa na baridi na upepo. Umeme ukikatika, wenye jenereta huiwasha. Ukiisogelea unasikia joto, na wazo linakuja: mbona joto hili linapotea bure? Akina mama huniuliza kliniki kama wanaweza kuiweka mlangoni ili chumba cha mtoto kipate joto. Jibu ni hapana, na sababu ni hii.

Joto hilo linatoka wapi?

Jenereta ndogo ya petroli hugeuza sehemu ndogo tu ya nguvu ya mafuta kuwa umeme. Sehemu kubwa hutoka kama joto, kupitia injini na bomba la moshi. Viwanda vikubwa hulitumia joto hilo kwa mitambo inayolitenganisha na moshi. Nyumbani hatuna mitambo hiyo. Ukikaribisha joto, umekaribisha na moshi.

Hatari iko wapi?

Moshi huo una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ukiivuta, hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na ubongo na moyo hukosa oksijeni. Aliyelala anaweza kufa bila kuamka. Mtoto mdogo hupumua haraka, hivyo huivuta kwa wingi. Kwa mjamzito, humfikia mtoto tumboni. Jiko la mkaa ndani hutoa sumu hiyo hiyo, hata mkaa ukiwa umekolea na hautoi moshi.

Fanya hivi

- Weka jenereta nje, angalau mita 6 kutoka nyumbani, bomba la moshi lisielekee mlango wala dirisha. Barazani au stoo si mahali salama, hata mlango ukiwa wazi.
- Usianike nguo za mtoto juu yake. Zinaweza kushika moto.
- Zima na uiache ipoe kabla ya kuongeza petroli.
- Mtoto mchanga mpe joto la mwili wako: mweke kifuani ngozi kwa ngozi, mvalishe kofia na soksi, mjifunike pamoja, uso wake ukiwa wazi.

Dalili

Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea na kuchanganyikiwa. Ni rahisi kudhani ni malaria. Lakini malaria haiwashiki watu wote wa nyumba moja kwa saa moja, wala haipungui kwa kutoka nje.

Ukiona hivyo, toeni watu wote nje kwanza, kisha muwahi kituo cha afya. Mweleze mhudumu kwamba jenereta au jiko lilikuwa linawaka, kwa sababu tiba yake ni oksijeni. Maziwa hayaondoi sumu hii, msipoteze muda kuyatafuta.

Joto hilo liache lipotee. Blanketi na kifua chako vinamtosha mwanao.