Namba ya Mtawa Mersenne

Katika makala hii tunaitazama namba 147,573,952,589,676,412,927, yaani 2 kwa kipeo cha 67, kutoa 1. Mwaka 1644 mtawa Marin Mersenne wa Paris aliiorodhesha miongoni mwa namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Uthibitisho hakuutoa, hata hivyo orodha yake iliheshimiwa kwa zaidi ya miaka mia mbili.

Dhana yake haikuwa ya ovyo. Namba ya namna hii haiwezi kuwa tasa kipeo chake kisipokuwa tasa, na 67 ni tasa. Lakini sharti hilo halitoshi: 2 kwa kipeo cha 11, kutoa 1, ni 2,047, nayo ni 23 mara 89.

Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alionyesha kwamba namba yetu si tasa, bila kutaja kigawo chake hata kimoja. Yawezekanaje? Kila namba tasa ina tabia ambazo hazina budi kuonekana katika hesabu fulani. Zikikosekana, twajua kwamba yagawanyika, ingawa hatujui kwa namba ipi. (Tofauti kati ya kujua kwamba jambo lipo na kulijua lenyewe si ngeni kwa wanatheolojia.)

Vigawo vyenyewe alivionyesha Frank Nelson Cole mbele ya wanahisabati wa Marekani mwaka 1903: 193,707,721 na 761,838,257,287. Kila kigawo cha namba hii, kikigawanywa kwa 134, lazima kibakize 1. Msomaji mwenye kalamu na ajaribu: 134 mara 1,445,580 ni 193,707,720.