Je, Wajua? Goma hadi Kigali, kwenda na kurudi siku moja

Je, wajua kwamba mtu wa Goma anaweza kunywa chai ya asubuhi kwake, akala chakula cha mchana Kigali, na usiku akalala kitandani pake? Barabara ya kutoka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, kupitia Musanze ni ya lami, kama kilomita 155. Lakini usidanganywe na hesabu hiyo. Ni milima na kona mwanzo hadi mwisho, na malori hupanda kwa kujikokota. Tenga muda wa saa tatu hadi nne kwenda, na mwingine kama huo kurudi, kabla hujahesabu foleni ya mpakani, pale Grande Barrière.

Angalia kalenda pia. Jumamosi ya mwisho wa mwezi Wanyarwanda hufanya Umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi magari karibu yote husimama. Tena mifuko ya plastiki ni marufuku huko tangu 2008; mikate yako itie kwenye kikapu ungali Goma.

Kampala je? Ukivuka mpaka wa Cyanika kuingia Kisoro, Uganda, saa inasogea mbele kwa saa moja, na gari unalihamishia upande wa kushoto wa barabara. Anayekuambia utakwenda na kurudi siku hiyohiyo hajawahi kuiendesha njia hiyo.

Kabla ya kuwasha gari, uliza mpaka unafungwa saa ngapi siku hiyo. Saa zake hubadilishwa.