Kipande cha Jino Kisitupwe

Kijana akianguka na baiskeli au akipigwa kiwiko uwanjani, meno yanayoumia mara nyingi ni yale mawili ya mbele ya juu. Watu hushughulika na damu, na kipande kilichovunjika hubaki mchangani. Kitafuteni. Kitieni kwenye maziwa au maji safi, kije kwetu madaktari wa meno pamoja na mwenyewe. Kama kimeshakauka kileteni vilevile, tutakiloweka kwanza. Kisipoonekana na mdomo umevimba, daktari aupige picha ya eksirei, maana huenda kimezama ndani ya mdomo.

Nakisisitiza kwa sababu ya rangi. Kwa vijana wa Arusha, ambao maji yenye floraidi nyingi yamewatia meno madoa ya kahawia, ni vigumu sana kuyaiga madoa hayo kwa kompositi, yaani kijazio chenye rangi ya jino, ilhali kipande chenyewe tayari kinayo. Hubandikwa kwa njia iliyotokana na kazi ya Michael Buonocore wa Marekani, mwaka 1955: asidi ya fosforiki huacha vitundu vidogo mno kwenye enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, gundi ikapenya humo, kisha ikagandishwa kwa taa ya buluu. Kipande kikipotea, kompositi hujengwa tabaka juu ya tabaka.

Linalonigusa zaidi ni ile nukta nyekundu katikati ya jino lililovunjika. Hicho ni kiini, chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Wengi wakiiona hutaka jino ling'olewe. La hasha! Kwa umri huu kiini kina uwezo mkubwa wa kupona, na kikibaki hai huendelea kunenepesha kuta za mzizi. Mwaka 1978 Miomir Cvek, aliyefanya kazi Sweden, alionyesha kuwa kuondoa takriban milimita 2 tu za kiini na kufunika palipobaki kwa haidroksidi ya kalsiamu huponya meno mengi ya namna hii. Leo tunazo pia saruji za silikati ya kalsiamu.

Wazazi huniomba taji la kauri mapema. Nawasihi wasubiri utu uzima: fizi bado zinajongea, kiini bado ni kipana, na kulichonga jino kwa ajili ya taji huweza kukijeruhi.

Jino lililotengenezwa likapendeza laweza kufa bila maumivu. Kwa hiyo kijana arudi baada ya wiki 6 hadi 8, na tena mwaka ukitimia. Likigeuka kijivu, au kipele kikitokeza kwenye fizi, asingoje tarehe.